Ukimya wa maabara si majibu: mwili na akili unaposubiri kipimo cha titi

"Kingekuwa si kitu, wangeshakupigia simu." Maneno haya humfikia karibu kila mwanamke anayesubiri majibu ya uvimbe wa titi, na asipoambiwa na mtu hujiambia mwenyewe. Siku ya tatu imepita, ya tano nayo imepita, simu haijalia, na kichwani ameshapanga nani atabaki na watoto. Wakati huohuo shoga yake anamwambia kinyume, tena kwa uhakika uleule: kingekuwa kibaya wangekuita mbio. Wote wawili wanajaribu kuusoma ukimya. Ukimya wa maabara hausomeki. Hauna habari njema wala mbaya ndani yake, na sehemu kubwa ya mateso ya siku hizi hutokana na kuulazimisha useme.

Kuhusu saratani ya titi yenyewe yameandikwa mengi. Kuhusu siku za katikati, baada ya kupimwa na kabla ya kujua, machache, ingawa wanaosubiri ni wengi kuliko wanaokuja kukutwa na ugonjwa.

Maneno yanayotisha kabla ya wakati wake

Uvimbe ni uvimbe tu: sehemu ya titi iliyokuwa ngumu au nene kuliko nyama inayoizunguka. Saratani ni sababu mojawapo. Nyingine ni mfuko wa maji, jipu kwa anayenyonyesha, mabadiliko ya homoni yanayokuja na kuondoka na hedhi, au fibroadenoma, kinundu kigumu kinachoteleza chini ya kidole ambacho huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana na ambacho si saratani. Vinundu vingi vinavyoshikwa kwenye titi si saratani.

Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na hutofautisha vizuri kilichojaa maji na kilichojaa nyama. Zote mbili huonyesha umbo, ukubwa na kingo. Haziwezi kusema seli zilizomo ni za namna gani. Hilo ni kazi ya biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha nyama, mara nyingi kwa sindano na kwa ganzi, kikaangaliwe kwa hadubini. Kwa hiyo kupelekwa biopsi si kuambiwa una saratani. Ni kuambiwa kwamba picha imefika mwisho wa uwezo wake.

Hata kuitwa tena baada ya picha hakumaanishi kile ambacho moyo hukimbilia. Marekani, ambako wanawake wengi hupigwa mamogramu bila kuwa na dalili yoyote, takriban 10 katika kila 100 huitwa warudi kwa vipimo zaidi, na kati ya hao wanaorudi chini ya 1 katika 10 hukutwa na saratani. Aliyekwenda kupima kwa sababu ameshika uvimbe kwa mkono wake ana hesabu tofauti, ila hata kwake daktari anayesema "tuchukue kipande" bado anauliza swali. Hajalijibu.

Kuna namba moja katika ripoti ya picha ambayo imewaliza watu bure. Wataalamu wengi wa picha hutumia kipimo kiitwacho BI-RADS, kinachoanzia 0 hadi 6. Mgonjwa anaona "4" kwenye karatasi, anakumbuka kwamba saratani ina hatua nne na kwamba ya nne ndiyo ya mwisho, anakaa chini pale pale kwenye korido. Vitu hivi viwili havihusiani. Hatua ya saratani hueleza saratani iliyokwisha kuthibitishwa imefika wapi mwilini. BI-RADS hueleza picha inatia shaka kiasi gani. Sifuri ni kwamba picha hazijatosha, zinahitajika nyingine. 3 ni kwamba karibu hakika si saratani, uwezekano hauzidi 2 kwa 100, na kwa kawaida huombwa picha nyingine baada ya miezi 6. 4 ni shaka inayohitaji biopsi, na uwanja wake ni mpana ajabu, kuanzia zaidi ya 2 kwa 100 hadi chini ya 95, ndiyo maana hugawanywa tena kuwa A, B na C, shaka ikipanda kutoka A hadi C. 5 ni 95 kwa 100 au zaidi. Mwenye 4A na mwenye 4C wana namba moja na hali mbili tofauti kabisa, kwa hiyo herufi hiyo inafaa kuulizwa kabla ya kuanza kulia.

Kipande cha nyama kinakwenda wapi

Kipande kinachotoka kwenye sindano ya biopsi ni chembamba kama uzi mnene. Hutumbukizwa ndani ya kichupa cha dawa iitwayo formalini ili kisioze na seli zibaki zilivyo. Humo hukaa saa kadhaa, zisizopungua 6 kwa vipimo vya titi, kisha hupitishwa kwenye mashine inayokamua maji yote, kazi ambayo mara nyingi huchukua usiku mzima. Baada ya hapo hugandishwa ndani ya nta. Aliyewahi kukata mkate uliotoka tanuri sasa hivi anajua kwa nini: kitu laini hakikatiki vipande vyembamba, hupondeka. Na wembamba unaohitajika hapa ni wa takriban mikrometa 4, ambapo vipande 250 vikipangwa kimoja juu ya kingine ndipo hufikia unene wa milimita moja. Kipande hupakwa rangi, viini vya seli vinakuwa zambarau na kilichobaki kinakuwa waridi, halafu ndipo daktari wa patholojia anakaa kwenye hadubini na kutazama.

Mpaka hapo hakuna aliyechelewa, na siku mbili tatu zimeshakwenda.

Daktari huyo anaweza kuandika majibu siku hiyohiyo. Anaweza pia kutaka kipande kingine kikatwe ndani zaidi, au rangi za ziada, au mwenzake atazame naye kabla ya kuweka sahihi. Ni kweli kwamba saratani ikionekana huongezwa vipimo vya vipokezi, yaani sehemu za seli ambako homoni za estrojeni na projesteroni hujishikiza, na vya protini iitwayo HER2, navyo huongeza siku. Lakini rangi za ziada na jicho la pili huombwa vilevile kwa vinundu ambavyo mwishowe huthibitika kuwa si saratani, kwa sababu tu vimekaa kwa namna ya kutatanisha. Ongeza sikukuu, mashine iliyoharibika, sampuli zinazosubiri zikusanyike zipelekwe pamoja, na karatasi iliyokaa mezani kwa sababu daktari anayepaswa kukueleza yuko likizo. Ukiwa nyumbani, sababu zote hizi zina sura moja: simu isiyolia.

Hili lina upande wake wa pili, na ni muhimu kuliko faraja. Kama ukimya si habari mbaya, basi pia si habari njema. Sampuli hupotea. Ripoti hukwama. Siku uliyoahidiwa ikipita, piga simu au nenda, na usikubali kwamba kutopigiwa kunamaanisha uko salama. Kuna wanaosubiri kimya kwa miezi kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, na wengine kwa kuogopa majibu yenyewe. Methali ya mficha maradhi huwa tunamrushia asiyekwenda hospitali kabisa. Aliyekwenda, akapimwa, kisha hakurudi kuchukua majibu, huwa hatumwoni.

Je, kama ni saratani, haisambai wakati mimi nimekaa hapa? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Kwa kawaida uvimbe wa saratani ya titi huchukua miezi kuongezeka maradufu. Haukui kwa siku. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya titi ulioanzishwa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya mara ya kwanza, na ucheleweshaji ambao tafiti zimeuhusisha na matokeo mabaya zaidi ni ule wa miezi mitatu na kuendelea. Wiki moja au mbili za kusubiri patholojia haziamui hatima ya mtu. Miezi ya kuahirisha inaweza kuamua.

Kwa nini kutojua kunauma hivi

Watu humwambia anayesubiri, "Subiri kwanza ujue, ndipo uogope." Linasikika kama shauri la busara. Mwili haufanyi kazi hivyo.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta na kuwapa mchezo wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Kila nyoka alipotokea, mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliojua kwa hakika kwamba shoti inakuja walikuwa watulivu kuliko wale ambao uwezekano wao ulikuwa nusu kwa nusu. Jasho na mboni za macho ziliwaumbua: kutojua kuliwatesa kuliko maumivu yenyewe.

Utafiti mwingine uko karibu zaidi na mada yetu. Mwaka 2009 jarida la Radiology lilichapisha matokeo ya wanawake 126 waliofanyiwa biopsi ya titi na kisha kupimwa kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. Kwa kawaida homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wale ambao bado hawakuwa na majibu, mtiririko huo ulivurugika kiasi kilekile cha wale walioambiwa wana saratani. Soma sentensi hiyo tena kama wewe ndiye unayesubiri, maana inajibu lawama nyingi. Hujadhoofika imani wala hujakosa ujasiri. Mwili wako uko katika hali ambayo hata kwenye mate inapimika.

Na mwili ulio katika hali hiyo huonyesha dalili. Usingizi unakatika saa tisa usiku. Tumbo linavuruga, moyo unakwenda mbio, mabega yanakaza, unasahau sufuria jikoni. Mgongo unauma, na wazo la kwanza ni kwamba imeshafika kwenye mifupa. Mara nyingi ni mgongo wa mtu ambaye hajalala siku nne. Titi lenyewe nalo hudanganya: baada ya sindano, mahali pale huvia damu, huwa na rangi ya bluu na baadaye manjano, na damu iliyoganda ndani inaweza kushikika kama kinundu kipya. Kila akienda kuoga, vidole vinakwenda palepale. Anabonyeza, panauma, anabonyeza tena kuhakikisha kama kweli panauma, na kufikia Ijumaa ana uhakika kwamba uvimbe umekua. Nyama inayobonyezwa mara kumi kwa siku lazima iume. Unachopaswa kuripoti haraka ni homa, usaha, uwekundu unaosambaa, au damu isiyokatika. Mengine yaachie muda, na mikono ipate kazi nyingine.

Yanayosemwa vibarazani

"Chuma kikigusa uvimbe unasambaa." Hii ndiyo imani yenye madhara kuliko zote, kwa sababu humkimbiza mtu asipimwe. Imetoka mahali panapoeleweka: wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa sana, wakachomwa sindano au wakapasuliwa, wakafariki muda mfupi baadaye, na lawama ikakiangukia kisu. Seli chache kuhama kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra, ila tafiti hazijaonyesha kwamba biopsi ya sindano hupunguza uwezekano wa mgonjwa kuishi. Kinachopunguza ni kuanza matibabu bila kujua unatibu nini, au kutoyaanza.

"Kinauma, basi si saratani." Maumivu peke yake huwa si dalili ya kawaida ya saratani ya titi, hilo ni kweli. Lakini kuuma hakumtoi mtu kwenye orodha, na kutouma hakumhukumu. "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Wanawake wengi wanaopata saratani ya titi hawana ndugu wa karibu aliyeugua, zile za kurithi moja kwa moja ni 5 hadi 10 tu katika kila 100. Wanaume nao huipata, karibu 1 katika kila wagonjwa 100 au pungufu, na anayesubiri majibu akiwa mwanamume hubeba aibu juu ya hofu, mzigo usio na sababu.

Lipo moja ambalo mimi hulichukia waziwazi: "Ukiwaza sana utaivuta." Hofu ya wiki mbili haibadilishi seli zilizokwisha kukaa ndani ya nta maabara. Kumwambia mtu hivyo ni kumfanya aogope hata kuogopa kwake.

Kinachosaidia, na kisichosaidia kama tunavyodhani

Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, amefuatilia watu wanaosubiri habari nzito, wakiwemo wahitimu wa sheria wanaongoja miezi minne kujua kama wamefaulu mtihani wa uwakili. Mbinu nyingi walizotumia kujituliza hazikupunguza mahangaiko. Na walioteseka zaidi wakati wa kusubiri walizipokea habari mbaya kwa utayari zaidi, na njema kwa furaha zaidi. Kwangu hili linamwondolea anayesubiri kazi ya pili aliyopewa bila kuombwa, ya kuwa mtulivu.

Kilichoonekana kusaidia katika tafiti za namna hii ni shughuli inayoteka akili kabisa. Televisheni haitoshi, macho yanatazama huku moyo uko kwenye simu. Inatakiwa kazi yenye ugumu wa kiasi na matokeo unayoyaona: kushona, kusuka, kutengeneza kitu kilichoharibika, kumfundisha mtoto hesabu, kulima kitalu. Ukishtuka saa imepita, umepata saa moja ambayo haikuwa ya kusubiri.

Hofu yenyewe ipangie muda. Nusu saa jioni, karatasi na kalamu, andika kila kinachokutisha. Kitakachogeuka kuwa swali la kumuuliza daktari, kipeleke ukurasa mwingine. Mawazo yakija saa tisa usiku, yaambie yasubiri jioni. Hayatatii yote, lakini baadhi hutii. Ukiwa macho, vuta pumzi na kuitoa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, huku miguu ikigusa sakafu. Simu ibaki mbali na kitanda. Intaneti usiku haijibu swali lako, maana swali lako lina jibu moja tu na liko kwenye kichupa. Kusoma madhara ya tibakemia kabla hujajua kama kuna ugonjwa, na ni wa aina gani, ni kujiandaa kwa matibabu ambayo huenda hata mwenye saratani ya titi hapewi, kwa kuwa saratani ya titi ina aina nyingi.

Kuwaambia watu ni uamuzi wako. Wawili watatu wanatosha, na mmoja wao apewe kazi ya kuwajibu wengine ili usirudie habari moja mara kumi. Watoto huhisi hata wasipoambiwa. "Mama amepimwa, anasubiri majibu, akijua atawaambia" ni ukweli mfupi wanaoweza kuubeba.

Kwa anayemsindikiza, neno la kwanza huwa lilelile.

"Dada, usiwaze."

"Najua, mdogo wangu. Lakini nawaza."

Hapo mazungumzo hufungwa, na kila mmoja anarudi kwenye simu yake. Mdogo mtu angeuliza, "Usiku ulilala?" dada angekuwa na la kujibu. Angesema, "Siku ya majibu nakuja, nimeshaomba ruhusa kazini," angekuwa ametoa kitu. Anayetaka kuombea na aombee, mradi dua isiwe njia ya kumnyamazisha mwenye hofu.

Kuna mpaka ambapo mambo haya hayatoshi. Ukikosa usingizi usiku baada ya usiku, chakula hakipiti, hofu inakukaba mpaka unashindwa kupumua, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari au muuguzi leo. Usingoje majibu ya titi yatoke kwanza. Na kama uliwahi kutibiwa sonona au wasiwasi, liseme mapema.

Kabla ya siku yenyewe

Maswali matatu yaulizwe kabla hujatoka chumba cha biopsi: majibu yatatoka lini, nani atanipa, na kwa njia gani. Kama ni kwa simu au ujumbe, amua mapema utaupokea wapi na ukiwa na nani. Kama ni ana kwa ana, nenda na mtu mwenye kalamu, kwa sababu ukisikia neno moja zito masikio hufunga na maelezo yanayofuata hupita. Omba nakala ya ripoti.

Wengi hujiandaa kwa majibu mawili, ndiyo au hapana, halafu wanavurugwa na la tatu. Sampuli inaweza kuwa haikutosha. Picha na nyama vinaweza kutokubaliana, ikabidi biopsi irudiwe. Seli zinaweza kuwa si za kawaida lakini si saratani, zikahitaji kufuatiliwa au kuondolewa. Yakiwa hivyo, kusubiri kunaanza upya, na ni vizuri kujua tangu mwanzo kwamba jambo hilo lipo.

Yakiwa si saratani, usishangae ukalia, au ukaishiwa nguvu siku kadhaa. Kotisoli haizimwi kama taa. Uliza kama unahitaji picha nyingine baada ya miezi 6, na uandike tarehe. Yakiwa saratani, ripoti ya kwanza hueleza aina ya seli na vipokezi vyake, wala haielezi hatua, ambayo huhitaji vipimo vingine. Swali la kumuuliza daktari dakika hiyo ni kipimo kipi kinafuata, na lini.